Simu Iliyoachwa na Waliyoitengeneza: Je, Mnunuzi Ashtaki?



Tangu mwanzo wa mwaka 2025 simu nyingi ambazo ndugu zetu bado wanazo mikononi zimepoteza WhatsApp. Tarehe 1 Januari 2025 ziliachwa simu za Android toleo la 4.4 na yaliyo nyuma yake. Tarehe 5 Mei zikafuata iPhone zisizofika toleo la 15.1, kama iPhone 6. Kabla ya hapo, Juni 2024, WhatsApp ilikwisha kuondolewa kwenye KaiOS, mfumo ulio ndani ya vitochi vya intaneti kama Smart Kitochi. Waliokwisha kuipakua wakapewa muda hadi mwanzoni mwa 2025. Kisha tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ikasitisha matengenezo ya kawaida ya usalama kwa Windows 10.

Simu haijavunjika, betri nzima, kioo kizima. Aliyeitengeneza ndiye aliyeondoka. Je, mnunuzi ana dai?

Kwa aliyeko Mjini Unguja hii ni kero ya nusu siku: atashuka Darajani, atauliza bei, atarudi na simu nyingine. Lakini familia nyingi za visiwani zina kijana bara. Mfikirie aliyetoka Pemba akaenda Mbinga kwa biashara ya kahawa, au akateremka hadi Mbamba Bay, Liuli au Lituhi kununua usipa wa Ziwa Nyasa. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 za milima. Kwenda Songea, makao makuu ya mkoa wa Ruvuma, ni takriban kilomita 100. Na watu anaofanya nao biashara, wakulima wa kahawa, hupata fedha ya maana mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno. Aliyenunua simu kwa fedha ya msimu, ikaachwa Januari, nyingine ataipata msimu ujao. Mama yake aliyeko Wete naye ana kitochi kile kile. Fedha bado zinatumwa, maana *150*00# haihitaji WhatsApp wala simu mpya. Kilichokatika ni sura ya mtoto na sauti yake ya bure.

Tuanze na hukumu, kwa sababu hapa watu huchanganya mambo mawili.

WhatsApp yenyewe hatukuinunua. Tuliipewa tuitumie bila malipo, na kinachofanana nayo zaidi katika fiqhi ni ‘aariyah, kitu cha kuazima. Kwa Shaafi‘iy, madhehebu ya wengi wetu visiwani, mwenye kuazimisha anaweza kurudisha chake atakapo, isipokuwa katika hali chache walizozitaja Maulamaa. Kwa hiyo dai dhidi ya WhatsApp kwa kuacha kuhudumia simu ya zamani ni dhaifu. Hatusemi kwamba kampuni hiyo ni ya hisani. Inafaidika nasi kwa njia zake. Tunasema hakuna bei tuliyoilipa ambayo tunaweza kuidai irudi.

Simu ni jambo jingine, ile tumeinunua. Kanuni ni kwamba aibu iliyokuwepo kabla ya kukabidhiwa bidhaa, na mnunuzi hakuijua, humpa khiyari ya kuirudisha. Aibu iliyozuka baada ya kukabidhiwa ni juu ya mnunuzi. Lakini mafaqihi wameongeza jambo ambalo leo ndilo kiini cha suala letu: aibu iliyoonekana baadaye kwa sababu iliyotangulia kabla ya kukabidhiwa, huhesabiwa kama ilikuwepo.

Basi tutazame tarehe. Aliyenunua kitochi cha KaiOS mwaka 2020 akatumia WhatsApp miaka minne, amepata alichonunua. Aliyeuziwa kitochi hicho hicho Septemba 2024, akaambiwa “hii ina WhatsApp”, ameuziwa kitu ambacho mwisho wake ulikuwa umeshatangazwa. Ikiwa muuzaji alijua akanyamaza, huo ni udanganyifu. Kisa cha muuza nafaka kilichomo katika Swahiyh Muslim kinajulikana: Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) aliingiza mkono ndani ya rundo, akakuta unyevu chini, akamkemea muuzaji kwa kutouweka juu watu wauone. Na hata kama muuzaji hakujua, khiyari ya mnunuzi haifutiki kwa ujinga wa muuzaji. Ila aliyegundua aibu asikae nayo. Kwa Shaafi‘iy haki hii hudaiwa papo hapo, na anayeendelea kuitumia bidhaa huku akijua aibu yake huhesabiwa ameiridhia. Hili wengi hawalijui. Wallaahu a‘lam.

Na mahakama za dunia zimesemaje? Mwaka 2016 chama cha walaji cha Uholanzi, Consumentenbond, kiliishtaki Samsung kikitaka ilazimishwe kuzipa simu zake masasisho kwa miaka kadhaa. Mei 2018 mahakama ya The Hague ikalikataa dai hilo. Mwaka huo huo, mwezi Oktoba, mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple faini ya euro milioni 10 na Samsung milioni 5, kwa masasisho yaliyozidhoofisha simu bila wenyewe kuelezwa ipasavyo. Ufaransa ikaitoza Apple euro milioni 25 mwaka 2020, kwa sababu ya aina hiyo hiyo. Huko California mnunuzi mmoja alifungua kesi dhidi ya Microsoft Agosti 2025 kuhusu Windows 10. Tukiziweka pamoja tunaona waliodai “endeleeni kutuhudumia” wameshindwa, na waliosema “mlituficha” wamesikilizwa. Haiko mbali na yale ya mafaqihi.

Kilichobadilisha hali Ulaya hatimaye ni sheria. Tangu tarehe 29 Aprili 2024 Uingereza inamtaka mtengenezaji aseme wazi muda wa chini wa masasisho ya usalama. Umoja wa Ulaya, tangu 20 Juni 2025, unataka simu mpya zipewe masasisho kwa angalau miaka mitano baada ya toleo hilo kuacha kuuzwa. Sisi tuna kumbukumbu ya upande wa pili: usiku wa tarehe 16 Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia. Watu walitakiwa mapema kupiga *#06# na kutuma namba ya IMEI kwenda 15090, na ambaye simu yake ilikuwa bandia ndiye aliyebaki na hasara mkononi, si aliyemuuzia.

Kwa hivyo rai yetu ni hii. Kumshtaki mtengenezaji aliyeko ng’ambo kwa kitochi kimoja ni kupoteza fedha mara ya pili. Muuzaji aliyeficha ni halali kumdai, na kunyamaza kunamfunza kuendelea. Aliyenunua Mbinga, Songea au Kariakoo apeleke malalamiko Tume ya Ushindani, inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2003. Aliyenunua Unguja au Pemba, Zanzibar ina tume yake, kwa sheria namba 5 ya mwaka 2018. Mahakama ya Kadhi si mahali pake. Huko ni ndoa, talaka, mirathi, wakfu na mfano wa hayo. Kabla ya yote aende dukani na risiti pamoja na mtu mzima wa kusuluhisha, maana mengi huishia hapo. Risiti iandikwe aina ya simu na alichoahidiwa. Bila maandishi, tume itasikia neno lako na neno lake tu.

Wawakilishi na wabunge wetu wana la kufanya pia: tarehe ya mwisho wa masasisho iandikwe kwenye boksi, kama inavyoandikwa kwenye dawa na maziwa.

Tunawahofia zaidi wanaonunua kompyuta kwa ajili ya madrasa na skuli. Mashine nyingi zenye Windows 10 haziwezi kupokea Windows 11, na ofisi za Ulaya na Ghuba zinapozitoa, nyingi huishia kwenye maduka ya “used”. Bei itakuwa nzuri. Kamati iulize mbele ya mashahidi: inapokea Windows 11? Kama haipokei na muuzaji amesema hivyo, mauzo ni sahihi na hakuna dai baadaye. Bei na ishuke, na kijana anayejua aiwekee Linux, ambayo ni bure na hupokea masasisho hata kwenye mashine za zamani.