Jina la Lenzi Lisitutie Hasara

Kila mwaka wa fedha unapokaribia, sisi tunaoshughulika na habari na picha jeshini huketi tukaandika orodha ya vifaa tuvihitajivyo. Kamera haileti ubishi mwingi. Ubishi huzuka tufikapo kwenye lenzi. Wako wenzetu wanaoshikilia kwamba lenzi sharti iwe na jina lile lile lililoandikwa juu ya kamera, na kwamba lenzi ya kampuni nyingine ni kitu cha kubahatisha, kisichostahili kuonekana shingoni mwa askari. Maoni yetu ni tofauti, nasi twayaeleza hapa kwa sababu fedha zitumikazo si zetu bali ni za wananchi.

Kwanza tuondoe kosa moja la lugha. Lenzi ya kampuni nyingine si lenzi bandia. Bandia ni ile inayojiita kwa jina lisilo lake. Tamron, iliyoanzishwa Japani mwaka 1950, na Sigma, iliyoanzishwa huko huko mwaka 1961, huandika majina yao wenyewe juu ya kazi yao, wala hawamfichi mtu. Maduka ya mjini huyachanganya mambo haya mawili, na baadhi ya wanunuzi wa serikali nao huyachanganya, hata afisa akilitaja jina la Tamron katika kikao hutazamwa kana kwamba anataka kuingiza kambini bidhaa za magendo.

Yafaa tukumbuke pia jinsi wakubwa wa leo walivyoanza. Kamera ya kwanza ya Canon kuuzwa sokoni, Hansa Canon ya mwaka 1936, haikuwa na lenzi ya Canon. Lenzi yake ilikuwa Nikkor, iliyotengenezwa na Nippon Kogaku, kampuni tunayoiita Nikon hivi leo. Na hao Nikon nao, dunia iliwatambua kwa lenzi zao zilizofungwa kwenye kamera za watu wengine. Mwaka 1950, mjini Tokyo, mpiga picha wa Kijapani Jun Miki alimpiga picha David Douglas Duncan wa jarida la Life kwa lenzi ya Nikkor ya milimita 85. Duncan, ambaye katika Vita Kuu ya Pili alikuwa afisa mpiga picha katika kikosi cha Marine cha Marekani, alipoiona picha ile alistaajabu, akaenda kiwandani kujionea mwenyewe. Vita vya Korea vilipozuka mwezi Juni mwaka huo, aliingia vitani na kamera yake ya Leica ya Ujerumani ikiwa na lenzi za Nikkor mbele yake. Kufika Desemba, New York Times lilikuwa linawaeleza wasomaji wake juu ya lenzi hizo za Kijapani. Basi lenzi ya kampuni nyingine imekwisha kwenda vitani, na vita vyenyewe havikuwa vya mchezo.

Tuje kwenye hesabu. Mwaka 2016 Sony walitoa lenzi yao ya daraja la juu ya milimita 24 hadi 70, yenye uwazi wa f/2.8, kwa bei ya takriban dola 2,200 za Marekani. Ilikuwa na uzito wa gramu 886. Miaka miwili baadaye Tamron walitoa ya milimita 28 hadi 75 kwa kamera hizo hizo za Sony, yenye uwazi ule ule, kwa takriban dola 800, na uzito wake gramu 550. Kwa fedha za lenzi moja ofisi ingeweza kununua mbili na kubakiza akiba. Aliyepata kubeba kamera toka alfajiri katika gwaride, kisha akapanda lori na kusafiri kilomita mia mbili, hatazidharau zile gramu 336.

Hatusemi kwamba hakuna kilichopotea. Kati ya milimita 24 na 28 pana tofauti ambayo huonekana upesi ndani ya hema lililojaa wazee na wageni, pale mpiga picha anaporudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa turubai. Tena Sony, ingawa mwaka 2011 walifungua maelezo ya mfumo wao ili wengine watengeneze lenzi, wameweka mpaka: kamera zao za kasi zinazopiga picha 20 au 30 kwa sekunde hazivuki 15 zikifungwa lenzi ya kampuni nyingine. Kwa picha ya mgeni rasmi akisalimiana na maafisa, 15 zinazidi mahitaji. Kwa askari wa miamvuli anayetoka mlangoni mwa ndege, hapo twakubali kwamba mwenye 30 ana nafasi bora.

Canon walichagua njia ya kufunga mlango. Mfumo wao mpya wa RF ulitoka mwaka 2018, na mwaka 2022 waliitaka kampuni ya Viltrox ya China iache kuuza lenzi zinazojilenga zenyewe kwa mfumo huo, wakidai haki zao za uvumbuzi. Mwaka 2024 waliulegeza mlango kidogo, Sigma na Tamron wakaruhusiwa kutoa lenzi za kamera za RF zenye kihisi kidogo. Mnunuzi wa serikali angepaswa kuyajua haya kabla ya kuchagua kamera. Anayenunua kamera bila kuuliza ni nani anaruhusiwa kuitengenezea lenzi amekwisha kujifunga kwa bei za muuzaji mmoja kwa miaka kumi ijayo.

Wapinzani wetu hutukumbusha kisa fulani, nasi hatuna sababu ya kukificha. Katika gwaride moja la kuhitimu kwa maafisa wanafunzi tulikuwa na kamera mpya na lenzi ndefu kuukuu ya kampuni nyingine, iliyorithiwa kutoka ofisi iliyotutangulia. Nje kwenye jua kali, kila tulipobana tundu la mwanga, kamera ilionyesha alama ya hitilafu na kugoma. Mwanafunzi bora alikabidhiwa upanga wake, akapiga saluti, akageuka, nasi tungali tunazima kamera na kuiwasha. Baadaye mama yake, aliyekuwa amesafiri usiku kucha, alitufuata akauliza: “Afande, ile ya upanga nitaipata lini?” Hatukuwa nayo. Mpaka leo hatunayo, na wakati ule haurudiwi kwa sababu mpiga picha aliomba.

Lakini kosa lilikuwa la nani? Lenzi ile ilitengenezwa miaka mingi kabla ya kamera, na lugha ambayo kamera mpya ilizungumza nayo haikuijua. Fundi angeligundua jambo hilo kwa dakika tano ofisini. Hakuna askari apelekwaye zamu na bunduki isiyojaribiwa, ila sisi tulikwenda na lenzi isiyojaribiwa kwa kuwa ilikuwa imeingia vizuri katika shingo ya kamera. Tuliikosea wenyewe.

Tuna kisa cha pili ambacho wapinzani wetu hawakitaji. Ofisi moja tuijuayo ilipata lenzi ya jina, nzuri kweli kweli, ya bei ya kutisha. Ilifungiwa kabatini. Kuitoa kulihitaji saini mbili, na hakuna aliyetaka saini yake iwe juu ya karatasi siku itakapodondoka. Karamoja kuna vumbi, wakasema, ibaki. Mvua inanyesha; ibaki. Ilitoka siku ya Tarehe Sita, ikapiga picha za jukwaa, ikarudi kifungoni. Vijana waliokuwa porini na wanajeshi wanaofanya kazi halisi walipiga picha kwa simu zao.

Kwa hiyo katika ombi letu la mwaka huu hatutaandika jina la kampuni mahali pa lenzi za kazi za kila siku. Tutaandika milimita, uwazi, kinga dhidi ya vumbi na maji, muda wa dhamana, na sharti kwamba muuzaji akubali tuijaribu kwa siku saba kwenye kamera zetu wenyewe, pamoja na kuhakikisha kwamba programu ya lenzi yaweza kufanywa upya kamera zikibadilika. Atakayeshinda kwa masharti hayo na ashinde, awe Sony au Sigma. Lenzi ndefu moja tu tutaiomba kwa jina la mwenye kamera, kwa ajili ya miamvuli na siku za upanga, na pamoja nayo tutaomba iandikwe kwamba itakaa mikononi mwa mpiga picha wa zamu, si kabatini.