Buibui, Go-Kart na Haki Tunayoidai Vibaya



Baada ya Idd tulitoka Mji wa Kale na wasichana kumi na wawili wa mtaani, nauli tumechangishana wiki tatu, tukaenda kuendesha go-kart. Uwanja wenyewe siutaji. Tulipofika, kijana wa getini akatuangalia juu mpaka chini, akasema: "Mabuibui hayaingii." Basi, hakuongeza neno.

Maneno yakaanza. "Huyu anatubagua!" Mmoja alishatoa simu anarekodi, na wote wakanigeukia mimi, si ndiye mtu wa haki? Walingoja nilipuke. Sikulipuka, na kuna walionuna mpaka leo. Wacha nieleze.

Go-kart si gari. Haina mlango, haina bodi ya kukukinga. Unakaa chini kabisa, karibu uguse lami. Injini iko ubavuni au nyuma yako, inazungusha cheni, na cheni inazungusha ekseli iliyo nyuma ya kiti chako kabisa. Ukiwa umevaa buibui, upindo unaopeperuka hauna safari ndefu kufika pale. Ukishanaswa, ekseli haijui kuwa hii ni nguo ya stara. Inavuta tu, na kama mtandio umezungushwa shingoni, kinachovutwa ni shingo.

Haya si maneno ya kutishana. Aprili 2010, huko Port Stephens, Australia, mwanamke Muislamu alifariki kwa sababu hiyohiyo, nguo yake ilinaswa kwenye go-kart akiwa anaendesha. Na kabla mtu hajasema "wanatafuta sababu ya kuipiga vita hijabu": Februari 2018 huko Pinjore, India, mwanamke mwingine alikufa kwenye go-kart, na kilichonaswa ni nywele zake. Hata mcheza dansi Isadora Duncan alikufa mwaka 1927 mjini Nice, Ufaransa, skafu yake ya hariri iliponaswa kwenye gurudumu la gari. Gurudumu halina dini.

Na sisi hapa kisiwani tunalijua hili bila kwenda Australia. Nani hajaona buibui likivutwa na cheni ya bodaboda? Mimi lilinipata nikitoka Bondeni. Buibui lilichanika mpaka gotini, na namshukuru Mungu kuwa lilichanika, maana lingekuwa kitambaa kigumu ningeshuka mimi. Na hizo helmeti je? Sheria inamtaka dereva na abiria wavae. Sisi tunaikataa ati inabonyeza ushungi, inanuka. Inanuka, kweli. Lakini kichwa ni chako.

Sasa turudi getini. Yule kijana alikuwa na haki kuzuia buibui linalopeperuka. Hakuwa na haki kuishia hapo.

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 27, inakataza ubaguzi, na miongoni mwa mambo iliyoyataja waziwazi ni dini na mavazi. Kifungu cha 32 kinasema mtu asinyimwe huduma kwa sababu ya imani yake. Cha 46 kinampa mteja haki ya kulindwa afya na usalama wake. Watu wetu husoma 27 na 32, wakifika 46 wanafunga kitabu. Vyote vitatu ni vyetu. Mwenye uwanja akikuachia uingie na buibui linaburura ili asionekane mbaguzi, amekudhulumu vilevile, tena zaidi.

Kwa hivyo swali si "buibui liingie au lisiingie?" Swali ni: je, kuna njia ya mimi kucheza nikiwa na stara na nikiwa salama? Kama ipo na ni rahisi, na mwenye uwanja hataki kuiweka, hapo ndipo nitoe simu nirekodi pamoja nanyi.

Na njia ipo. Kumbukeni mpira: FIFA iliwazuia wachezaji wenye hijabu kwa miaka, usalama wa shingo ukiwa sababu mojawapo. Ikatengenezwa hijabu ya kubana, isiyo na pini, na mwaka 2014 ikaruhusiwa. Mpira wa kikapu nao ukafuata mwaka 2017. Waliodai hawakusema "tuacheni tu na mitandio yetu." Walileta vazi lenye kujibu ile hofu, hoja ikaisha.

Kwetu sisi vazi hilo ni ovaroli. Ovaroli pana ya mikono mirefu, juu ya suruali na shati lako, inakusitiri kuliko dera la upepo wa Mama Ngina, wallahi. Kichwani vaa hijabu ya kuvuta iliyobana, ncha zote ziingie ndani ya ovaroli, nywele ndani. Pini acheni nyumbani. Pini chini ya helmeti, ukigongwa, inaingia kichwani. Helmeti iwe ya kufunika uso mzima, imefungwa kidevuni, isicheze ukitikisa kichwa. Miguuni raba, na kamba za viatu uzifiche. Champali na makubadhi hapana, kwa sababu mguu ukiteleza kwenye breki umekwisha. Eksozi nayo ni moto, usiiguse unaposhuka.

Na nyinyi ndugu zangu wa kiume msicheke. Siku ile vijana wawili walikuja na kanzu za Idd, mmoja na kikoi, na kijana wa getini hakuwaambia kitu. Huo ndio ubaguzi niliouona mimi, na ungeweza kumuua mwanamume.

Kuna atakayesema "mimi namtegemea Mungu." Sote twamtegemea. Lakini Mtume (s.a.w.) alimwambia mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo ategemee. Na masheikh wetu hutufundisha kuwa kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sheria.

Siku ile wasichana watano walikuwa na suruali ndani, wakavua mabuibui kwenye choo, maana hakukuwa na chumba cha kubadilisha. Wakaendesha. Saba walikaa wakitazama, nauli yao imekwenda.

Wiki hii tunawaandikia wenye viwanja vya michezo barua yenye maombi manne: ovaroli za saizi zote, chumba cha wanawake kubadilisha, mhudumu wa kike wa kufunga helmeti, na masharti ya mavazi yaandikwe kwa Kiswahili getini, kwa wanawake na wanaume. Kama umewahi kurudishwa, au umewahi kuruhusiwa kuingia na nguo ya hatari, tuandikie inbox: ulivaa nini, uliambiwa nini. Wale saba tayari wameandika.