Subira ya Mvua na Subira ya Dirishani

Watu wa Mbinga na wa mwambao wa Ziwa Nyasa hawahitaji mwalimu wa kuwafundisha kusubiri. Mkulima wa Umatengo hupanda mche wa kahawa akijua kwamba mwaka wa kwanza utapita, na wa pili, na pengine wa tatu, kabla hajachuma kitu cha kumfaa. Akichimba mashimo ya ngoro mtelemkoni, hulaza nyasi, akazifukia kwa udongo, akapanda maharage mwishoni mwa masika, na mahindi akaja kuyapanda mvua za Desemba zikirudi. Mvuvi wa Liuli au Mbamba Bay hungoja giza la mwezi ndipo atoke na taa kutafuta dagaa. Upepo wa kusini ukilichafua ziwa, huanika nyavu akakaa siku mbili tatu, wala hamlaumu mtu.

Hiyo ni subira ya heshima, maana inatokana na kuijua kazi. Mvua haina ofisi na upepo hauna msimamizi. Hakuna wa kumpelekea malalamiko, na asiyeweza kungoja hana budi kuacha kulima na kuacha kuvua.

Lakini iko subira nyingine, nayo ndiyo ninayotaka tuizungumze leo. Ni ile ya kusimama mbele ya duka la wakala wa mbolea, au kwenye mizani ya mahindi, au bombani, au kliniki ya mama na mtoto, au ofisi ya vitambulisho, toka alfajiri hadi jua la utosi. Hapa anayesubiriwa ni binadamu mwenzetu, mwenye saa mkononi na daftari mezani. Tumezoea kuzichanganya subira hizi mbili. Tumeichukua adabu tuliyojifunza shambani na ziwani tukaipeleka dirishani, na mtu akiuliza kwa nini foleni haisogei, jirani yake humnyamazisha kwa kumwambia kuwa subira yavuta heri. Mimi nasema tusiipe foleni heshima tunayoipa mvua. Foleni imetengenezwa na watu, na watu wanaweza kuifupisha.

Chukueni mfano wa mbolea. Tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nane Nane huko Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa mbolea ya ruzuku. Bei zilikuwa zimepaa duniani kote baada ya UVIKO na vita vya Ukraine, hata mfuko wa DAP wa kilo 50 ukapita shilingi 130,000. Serikali ilitenga shilingi bilioni 150, na mfuko ule ukashuka hadi shilingi 70,000. Mwenye akili timamu hawezi kuubeza msaada kama huo. Mkulima alijiandikisha kijijini, akapata namba yake, kisha akatakiwa kwenda kununua kwa wakala aliyesajiliwa.

Hapo ndipo foleni ilipozaliwa. Mawakala walikuwa wachache na wengi walikuwa mijini, na mauzo yalitegemea mtandao ambao mara upo, mara haupo. Msimu ule wa 2022/2023, katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, Ruvuma ikiwamo, wakulima walijipanga misururu mirefu nje ya maduka. Wapo waliolala hapo hapo na shuka zao ili wasipoteze zamu.

Sasa tupige hesabu. Nafuu ya ruzuku kwa mfuko mmoja wa DAP msimu ule ilikuwa kama shilingi elfu sitini. Mtu anayetoka kijiji cha mbali hulipa bodaboda kwenda na kurudi, hula mjini kwa fedha, hulala bila malazi, na akiambiwa arudi kesho, huanza upya. Nyumbani shamba limelala. Na mbolea ya kupandia ina wakati wake: huingia ardhini pamoja na mbegu, mvua zinapoanza mwishoni mwa Novemba na Desemba. Ikichelewa wiki mbili, mfuko unabaki mzima lakini faida yake imepungua. Kwa hiyo bei iliyobandikwa ukutani siyo bei yote. Sehemu nyingine mkulima hulipa kwa siku zake, na siku hizo hazikatiwi risiti wala haziingii katika taarifa ya mwaka ya ofisi yoyote. Kisichoandikwa hakimkoseshi mkubwa usingizi.

Tena malipo hayo hayalingani. Mwenye uwezo humtuma kijana akamsimamie, au humpigia simu anayemjua akaambiwa aje saa kumi jioni mlango wa nyuma. Mjane mwenye ekari moja hana wa kumtuma. Atasimama mwenyewe, mtoto mgongoni, na wakati huo hakuna anayempalilia. Msaada uliokusudiwa kumfikia yeye kwanza humfikia mwisho.

Katika kahawa hasara huonekana upesi zaidi. Kahawa mbivu iliyochumwa leo yapaswa kumenywa leo. Ikilala kwenye gunia huanza kuchacha, na ladha ikiharibika hakuna mnada utakaoirudisha. Mashine ya kumenyea ikiwa moja na wakulima wote wakashusha mzigo saa moja ya jioni, wa mwisho katika mstari huenda akauza kahawa ya daraja la chini, ingawa mibuni yake ni mizuri kuliko ya wa kwanza.

Wazee wetu wanaijua foleni kuliko sisi. Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979, nchi ikiwa haina fedha za kigeni, sukari, sabuni na chumvi vilitafutwa kwa mstari mbele ya maduka ya ushirika. Watu waliweka mawe yashike nafasi zao wakaenda kutafuta riziki kwingine. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi. Wapo waliokamatwa na bidhaa walizoficha, lakini foleni hazikuisha, maana kiini kilikuwa uhaba wenyewe. Zilianza kupungua kuanzia 1984, milango ya uagizaji ilipolegezwa na bidhaa zikaonekana madukani. Hatukuongeza subira hata kidogo. Kilichoongezeka ni bidhaa.

Na watu wa mwambao wanao ushahidi wao. Kwa miaka mingi, masika yakiiharibu barabara ya kupanda Mbinga, mtu wa Mbamba Bay alitazama ziwa akingoja meli ambayo siku yake haikuwa na uhakika. Wengi waliamini kuwa ndivyo Nyasa ilivyoumbwa. Leo barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66, ina lami, na Septemba 2024 Rais aliizindua. Ziwani MV Mbeya II, meli ya abiria 200 na tani 200 za mizigo, ilianza kazi mwaka 2021. Milima haikuhama wala mvua haikupungua. Palipodhaniwa pana majaliwa, palikuwa na kazi ambayo haijafanywa.

Atasema mtu: foleni haiepukiki, watu ni wengi na wahudumu ni wachache. Nakubali nusu ya neno hilo. Mdenmarki mmoja, Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alianza mwaka 1909 kuchapisha hesabu za jinsi foleni zinavyokua, na alichokianzisha kinatumika hadi leo katika simu na hospitali duniani. Hesabu hizo zina funzo la ajabu. Dirisha moja likiwa na kazi ya dakika 50 katika kila saa, na watu wakija bila mpango, kwa wastani utakuta watu watano hapo, pamoja na yule anayehudumiwa. Kazi ikifika dakika 57, utakuta kumi na tisa. Dakika saba tu zimeongeza watu kumi na wanne. Maana yake ni kwamba anayeliacha dirisha lifikie ukingo wa uwezo wake ndiye anayeifuga foleni, na kwamba nyongeza ndogo, mhudumu mmoja au kituo kimoja cha kijijini, hufuta mstari mkubwa kuliko tunavyodhani. Msimu uliofuata ule wa shida, vituo vya mbolea viliongezwa na vyama vya ushirika vikaingizwa katika ugawaji. Njia ndiyo hiyo, na iendelezwe hadi kwenye kata za mbali.

Mwingine atasema: foleni ni usawa, tajiri na maskini wamesimama mstari mmoja. Naam, ikilindwa. Jirani zetu Wakenya waliona upande wa pili mwaka 1988, wapiga kura wa chama tawala, KANU, walipotakiwa kujipanga mlolongo nyuma ya mgombea wamtakaye, mchana kweupe. Katika maeneo kadhaa mstari mfupi ulitangazwa kuwa ndio ulioshinda, na watu wamesimama pale wakiona kwa macho yao. Utaratibu ule uliachwa miaka miwili baadaye. Basi kusimama mstarini peke yake hakuleti haki. Haki huletwa na kuhesabiwa kwa kweli.

Lakini makala ya kulaumu ofisi tu ni makala nusu, nami sitaki kuwapaka mafuta wasomaji wangu. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019, na kikomo kikawekwa 31 Desemba. Ni kweli namba za vitambulisho zilizohitajika zilichelewa kwa wengi. Ni kweli pia kwamba wengi wetu tulikaa kitako Juni hadi Oktoba, tukafurika maofisini Desemba, hata muda ukasogezwa hadi 20 Januari 2020. Foleni ile tuliijenga kwa mikono miwili, mmoja wa serikali na mmoja wetu.

Kwa hiyo nawaasa kwanza wanaosimama. Jiandikisheni mapema, mahali pakiwa patupu. Mkifika, chagueni mmoja wenu aandike majina kwa namba mbele ya wote, kisha daftari lile liheshimiwe hata mwenyewe akienda kunyonyesha au kunywa dawa. Mjamzito, kikongwe na mwenye ulemavu wapewe mbele kwa kutangazwa, wasipenyezwe kimyakimya, ili hisani isigeuke kichaka cha wajanja. Anayeuza nafasi yake mkemeeni, na anayeinunua mkemeeni zaidi. Na anayetokea mlango wa nyuma na mifuko kumi aulizwe kwa sauti ya adabu lakini ya kusikika: namba yako ilikuwa ngapi?

Pili, nawaasa wanaosubiriwa. Hatuwaombi miujiza. Tunaomba ukweli, na tunauomba asubuhi. Ikiwa mifuko iliyopo ni mia mbili, iandikwe ubaoni mia mbili kabla ya saa mbili, ili aliye wa mia tatu arudi akapalilie. Mtandao ukikatika, semeni umekatika. Gaweni siku kwa vijiji, leo hiki, kesho kile, kama wanavyofanya walimu wanapoandikisha watoto. Kwenye mizani ya mahindi mpeni mkulima namba na tarehe kabla hajakodi lori, asilale wiki nzima juu ya magunia akigharamia ulinzi. Mtumishi anayewaacha watu wasimame pasipo kuwaambia neno huwaibia siku zao, hata kama hajagusa senti yao.

Tatu, nawaasa viongozi wa vijiji na wa vyama vya msingi. Sisi si wageni wa kupanga mambo pamoja. Tangu jadi Wamatengo walikuwa na sengu, ambapo watu wa ukoo walikaa, wakala pamoja na kuamua ya nyumba zao. Tangu 1936 Wangoni na Wamatengo walikuwa na chama kikuu chao, NGOMAT, kuuza tumbaku yao kwa sauti moja. Waliokusanya mazao ya maelfu ya wakulima na kuyafikisha sokoni hawakuwa na simu za mkononi wala kompyuta. Itakuwaje sisi wenye vyote hivyo tushindwe kukusanya mahitaji ya kijiji kimoja, fedha zikalipwa pamoja, na lori moja likaja na mbolea ya kaya zote? Watu mia wanaokwenda dirishani ni foleni. Orodha moja ya watu mia, iliyopelekwa na katibu wa chama mwezi wa tisa, ni shughuli ya asubuhi moja.

Wahenga walisema subira yavuta heri, na ni wao hao waliosema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hawakujipinga. Walijua kwamba kuna kungoja kunakokuza kitu na kuna kungoja kunakokila, wakatuachia kazi ya kupambanua. Kahawa ikiwa mtini, subirini. Ziwa likichafuka, subirini. Lakini mkisimamishwa mbele ya dirisha lililofungwa pasipo kuambiwa sababu, wala kesho ni saa ngapi, huko siko kusubiri kwa adabu. Ni kuachia haki yenu ipotee. Ulizeni, tena ulizeni kwa pamoja, na kabla ya msimu. Mwenyekiti wa kijiji asiyeitisha kikao cha mbolea mwezi Agosti asituambie Desemba kwamba tuwe na subira.