Mwaogopa bakteria wa maabara, wa ndoo je?

Jamani, tuache unafiki. Kila nikitaja bakteria waliobadilishwa jeni ili wakae utumboni mwa kuku na kuulinda, najibiwa: "Unataka kutulisha GMO!" Haya. Lakini Kitale na Bungoma, kama kwingineko Kenya, antibiotiki ya kuku hununuliwa agroveti bila cheti cha daktari wa mifugo, ikakorogwa kwenye maji ya vifaranga wasio wagonjwa. Eti kinga.

Mwajua kinachotokea humo? Dawa huua bakteria dhaifu, sugu hubaki. Sugu naye hunakili jeni yake ya usugu akampa jirani, hata wa aina nyingine. Sisi waandishi wa programu tungesema ni kopi-na-pesti isiyokaguliwa na mtu. Kisha samadi yaenda kwenye mahindi. Huyo ndiye bakteria aliyebadilika, na hakuomba kibali cha yeyote! Ulaya ilipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo tangu 2006.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1973 Nurmi na Rantala wa Ufini walionyesha kwamba kifaranga akipewa bakteria wa utumbo wa kuku mkubwa, Salmonella hukosa pa kukaa. Kifaranga wa kienyeji huwapata kwa mama yake. Wa inkubeta mama hana, utumbo wake ni nyumba tupu. Kampuni ya Marekani, BiomEdit, iliyoanzishwa 2022, imejitosa kuunda bakteria wenye kutengeneza kingamwili humo humo utumboni, dhidi ya Clostridium perfringens, yule anayeozesha matumbo ya kuku.

Bakteria kama huyo akija Kenya atakutana na Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya 2009. Na akaguliwe haswa! Tulizuia vyakula vya GMO kuingia nchini Novemba 2012, serikali ikafungua Oktoba 2022, watu wakaenda mahakamani. Kelele zote hizo, na ndoo ya vifaranga haikuguswa.

Mimi ninachohofia ni leseni. Mfugaji wa Bungoma atanunua pakiti upya kwa kila kundi la vifaranga, asijue ndani mna nini. Basi masharti yangu ni haya: jeni iliyoongezwa ichapishwe wazi, kama msimbo huria, na majaribio yafanywe kwa kuku wa hapa, tuone kama jeni hiyo inahamia kwa bakteria wengine. Na agroveti nayo iulize cheti, kuanzia kesho.