Breki Hazili Mafuta

Wanachuo wenzangu, naanza kwa kukiri kosa. Mwaka jana nilipakia watu saba kwenye gari ambalo taa yake ya breki ilikuwa imewaka, na nilijua imewaka. Waliokaa karibu nami waliiona pia. Hakuna aliyesema tusiondoke.

Tulikuwa tumetoka Morogoro kwenda Iringa kumzika baba wa mwenzetu wa darasani. Mambo yetu mnayajua: bumu limeisha, nauli ya basi kwa watu wanane ni hela nyingi, basi nikaazima Noah ya mjomba, tukachangia mafuta. Wakati wa kwenda, taa nyekundu yenye alama ya mshangao ilikuwa inawaka kwenye kona halafu inazima. Jamaa aliyekaa mbele akaniambia, "Hiyo ni hendibreki, hujaishusha vizuri." Nikaishusha tena, taa ikazima, tukaendelea na stori.

Asubuhi ya kurudi ikawaka moja kwa moja. Nikafungua boneti, nikakuta mafuta ya breki kwenye kikopo chake yako chini ya alama ya MIN. Nikanunua chupa dukani, nikajaza mpaka MAX, taa ikazima. Wenzangu wakanipigia makofi. Na mimi nikajiona fundi kweli.

Anayeijua Kitonga hahitaji kuelezwa. Ni mteremko mrefu, kona juu ya kona, malori mbele na nyuma. Tulipofika katikati, pedali ikaanza kuzama. Nikakanyaga mara ya pili, mara ya tatu. Gari lilipunguza mwendo, lakini kwa shingo upande. Nikaweka gia kwenye 2, kisha L, nikawasha taa za dharura na kuliacha lori la mbele litangulie mbali. Nyuma yangu stori ziliisha. Nilichosikia ni dada mmoja akisali kwa sauti ya chini.

Tulifika chini salama. Ruaha Mbuyuni tukampata fundi mmoja mzee, akavua tairi la nyuma la kushoto. Ndani kote kumelowa. Ile silinda ndogo inayosukuma breki za gurudumu ilikuwa inavuja, mpira wake umechoka. Akaniuliza, "Mwanangu, mafuta umeongeza lini?" Nikamjibu, "Leo asubuhi, mzee." Akasema, "Na hukujiuliza ya mwanzo yamekwenda wapi?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike. Injini chakavu inaweza kula oili, lakini breki hazili mafuta. Mafuta yake yamefungiwa ndani ya mfumo: ukikanyaga yanasukuma, ukiachia yanarudi. Yakipungua, sababu za kawaida ni mbili. Ama pedi zimelika, kwa hiyo mafuta mengi zaidi yamebaki kule kwenye magurudumu kujaza nafasi, au kuna mahali panavuja. Kuongeza mafuta hakuponyi hata moja kati ya hayo. Kunazima taa tu. Mimi nilimnyamazisha aliyekuwa ananionya, halafu nikashangiliwa.

Kilichotuokoa ni kwamba mfumo wa breki umegawanywa sehemu mbili. Upande wa nyuma ulipokuwa unavuja, wa mbele uliendelea kushika. Lakini breki za mbele pekee kwenye mteremko mrefu zinapata joto kali, na mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Hapo unakanyaga pedali na gari halisimami.

Najua wapo watakaosema hili ni suala la umaskini, kwamba gari bovu ndilo tunaloweza kulimudu. Sikubali. Kutengeneza kunahitaji hela, kutazama hakuhitaji. Kikopo kile kwenye magari mengi unaona ndani bila hata kukifungua. Kama mafuta yamepungua, mwite fundi atazame pedi na magurudumu yote manne kabla ya safari. Ukilazimika kuongeza ili ufike gereji, futa mfuniko kwanza, tumia chupa ambayo haijafunguliwa, ya daraja lililoandikwa pale kwenye mfuniko. Usiweke oili ya injini hata tone, inaharibu mipira yote. Na kama pedali inazama, hakuna cha kujikongoja mpaka gereji. Gari lipaki, fundi aje.

Ila tatizo kubwa zaidi naliona kwetu abiria. Tunakodi Hiace za kwenda field, msibani, kwenye mabonanza. Tunabishana na dereva kuhusu bei na muziki, lakini kumuuliza kuhusu breki tunaona ni kumkosea adabu. Pendekezo langu kwa viongozi wa safari zetu ni dogo: kabla watu hawajapanda, fungueni boneti pamoja na dereva. Dashibodi ikiwaka nyekundu, safari isubiri.

Nilipomrudishia mjomba gari nikamweleza yote, nikitegemea atashtuka. Akacheka. "Aah, hayo mbona mimi naongezea kila mwezi!" Gari lile ndilo linalowapeleka wadogo zangu shule.

Wiki iliyopita nilimwomba dereva wa Hiace yetu afungue boneti. Alinuna, wenzangu wawili wakaguna, mmoja akaniita mjuaji. Mafuta yalikuwa karibu na MAX, hakuna tatizo. Tulichelewa dakika nne.