Masahihisho: kozi yule hakuwa huru

Kazi za chumba cha habari mnazijua: leo uko mahakamani, kesho uko kwenye semina unamsubiri mgeni rasmi aliyechelewa saa tatu. Leo naomba tuzungumze habari za ndege. Najua kuna watakaosema kijana kaishiwa. Nivumilieni, maana nina deni la kulipa.

Miezi kadhaa iliyopita watoto wa mtaani kwetu, Tabata, walimtungua kozi kwa manati. Kozi ni yule ndege mwindaji mwenye mbawa ndefu zilizochongoka, ambaye wengi wetu tunamwita mwewe tu, kwa sababu kwetu kila ndege mwenye mdomo uliopinda ni mwewe. Bawa lake la kushoto lilikuwa linaning'inia. Nikamnunua kwa shilingi elfu tano. Watoto wakaniona mjinga, mimi nikajiona shujaa.

Nikamweka kwenye tenga la kuku la mama mwenye nyumba. Nikampa wali, akaukataa. Nikamnywesha maziwa kwa bomba la sindano, yakampalia. Hatimaye nikagundua kwamba anakula vipande vya nyama mbichi. Kila jioni majirani walikuja kumtazama, na watoto wakamchokoa kwa vijiti. Baada ya wiki tatu bawa halikuning'inia tena. Nikasema kapona.

Sasa mnajua mwandishi akinusa habari. Nikamwita mpiga picha wetu, tukapanda juu ya paa la ghorofa, nikamfunga uzi mwekundu mguuni kama kumbukumbu, nikamrusha. Akaruka! Watu wakapiga makofi. Picha ikatoka gazetini ikiwa na maneno mawili chini yake: "Huru tena." Maneno hayo niliyaandika mimi.

Siku ya tisa watoto walewale waliniletea mfuko. Ndani yake alikuwamo kozi mwenye uzi mwekundu mguuni. Hakuwa na jeraha jipya. Nilipomshika kifuani niligusa mfupa mtupu, mkali kama kisu. Alikufa kwa njaa.

Gazeti likikosea jina la mbunge, kesho yake linaomba radhi. Kwa kozi hakuna aliyeona haja. Basi haya ndiyo masahihisho yangu: hakuwa huru. Nilimtupa.

Wahenga wa pwani walisema: "Kozi mandanda, kulala na njaa kupenda." Yaani kozi aliye fundi wa kuwinda akilala na njaa, ni kwa hiari yake. Nilikuwa nadhani methali hii ni ya kujisifu tu. Kumbe ndani yake mna kipimo chote cha kazi ya kumtibu ndege huyu na kumrudisha porini. Kozi aliyepona si yule anayeruka. Ni yule ambaye njaa kwake imekuwa hiari. Kabla ya hapo, ukimwachia unampeleka akafie mbali na macho yako.

Baada ya mkasa ule nilianza kusoma, na kila ukurasa ulinipiga kofi.

Kwanza, mifupa. Mifupa ya ndege ni myembamba, mingi ina uwazi ndani, na huunga haraka, hata ndani ya wiki tatu. Hapo ndipo nilipodanganyika. Mfupa ukiunga ukiwa umepinda, au bawa likikaa muda mrefu bila kunyooshwa, kiungo hukakamaa. Peregrini, kozi maarufu kuliko wote, akishuka kumvamia ndege mwingine hupita kilometa 300 kwa saa. Kwa kiumbe wa kasi hiyo, bawa "lililopona kidogo" ni bawa bovu.

Pili, manyoya. Tenga lilimvunja manyoya ya mkia, nami sikuona tatizo. Pale Abu Dhabi kuna hospitali ya kozi iliyofunguliwa mwaka 1999, inayopokea ndege zaidi ya 10,000 kwa mwaka. Wengi ni kozi wanaofugwa kwa ajili ya uwindaji, lakini ufundi ni uleule. Unyoya uliovunjika haupuuzwi: huchukuliwa mwingine wa ukubwa uleule uliodondoka kwa ndege mwenzake, ukaungwa kwa kijiti chembamba na gundi.

Tatu, na hapa ndipo nilipomuua, mazoezi. Ndege aliyekaa wiki tatu bila kuruka ana misuli ya mgonjwa aliyetoka kitandani. Wanaoijua kazi hii humfunga kamba ndefu na nyepesi, wakamrusha siku baada ya siku, kila mara mbali zaidi. Humpima uzito. Humtazama akitua, kama anahema kwa taabu au la. Kisha wanataka kuona jambo moja la mwisho: je, anaweza kukamata chakula chake mwenyewe? Haya yanaweza kuchukua miezi. Wakati wote huo hawamzoeshi watu, kwa sababu ndege asiyemwogopa binadamu hana maisha marefu mtaani kwenye manati.

Hata ndege wazima hawarushwi hovyo. Marekani, peregrini walikuwa wametoweka kabisa upande wa mashariki kufikia miaka ya 1960, kwa sababu dawa ya wadudu ya DDT ilifanya maganda ya mayai yao kuwa membamba. Watu wakazalisha makinda na kuyarudisha kwa maelfu. Makinda yaliwekwa kwenye sanduku juu ya jabali au mnara, yakaletewa chakula bila kumwona anayekileta, sanduku likafunguliwa, na chakula kikaendelea kuletwa mpaka yalipojifunza kuwinda. Mwaka 1999 peregrini aliondolewa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini nchini humo. Lakini tusisahau kwamba DDT yenyewe ilipigwa marufuku mwaka 1972. Bila hilo, wangekuwa wanamwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Najua swali linalokuja: watu hawana dawa, wewe unalilia ndege? Swali halali. Sitawadanganya kwamba kozi mmoja ataokoa uchumi wa taifa. Ila utafiti uliofanywa huko Kenya, majirani zetu tunaochangia nao anga, na kuchapishwa mwaka 2022, ulilinganisha hesabu za ndege wawindaji za miaka ya 1970 na za karibuni. Kati ya aina 22 zilizochunguzwa, 19 zimepungua. Ndege hawa huzaa polepole, na kila mkubwa anayekufa huacha pengo la miaka. Halafu tuseme ukweli: bawa lile halikuvunjwa na simba. Tulilivunja sisi.

Msimamo wangu ni huu. Kumhurumia kozi bila ujuzi ni kumtesa kwa upole. Kenya, karibu na Ziwa Naivasha, wapo watu wanaoifanya kazi hii ya kutibu na kurudisha. Sisi tuna Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro kinachofundisha madaktari wa mifugo. Kuunga mfupa si miujiza kwao. Kinachotakiwa zaidi ni chumba kikubwa cha kurukia, kamba ndefu, mizani, na mtu mwenye subira ya kukaa miezi bila kupiga picha. Na awe na ujasiri wa kusema "huyu hatarudi" pale bawa au jicho likishindikana, hata kama uamuzi huo maana yake ni kumpumzisha. Huo nao ni utu.

Wewe na mimi je? Ukimkuta ameumia, mfunike kwa khanga, jihadhari na makucha, muweke kwenye boksi lenye matundu na taulo chini. Giza na kimya. Usimnyweshe kitu, usimpe wali, usiite majirani. Siku hiyohiyo mpeleke kwa daktari wa mifugo au maofisa wa wanyamapori. Kumfuga bila kibali ni kosa kisheria, nami nililitenda kwa wiki tatu huku nikipongezwa.

Picha yangu bado imebandikwa ukutani pale ofisini, na wageni wanaisifu. Wengine wameniomba niwatumie. Siwalaumu, ni picha nzuri kweli: mbawa zimekunjuka, na ule uzi unaonekana. Ila siku nyingine ukiona picha ya mtu akimwachia ndege huku watu wanapiga makofi, kabla hujaipenda uliza swali moja tu: nani alimwona akiwinda?

Mimi sikuulizwa. Nawasilisha.