Mtoto wa mlevi naye ahitaji tiba

Mnamo Julai 2025 serikali ilizindua sera ya kudhibiti pombe na dawa za kulevya, iliyopendekeza umri wa kunywa pombe upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21. Ubishi ukazuka papo hapo, na karibu wote ulishikilia umri huo. Mimi nilijiuliza swali moja tu: mtoto wa miaka kumi ambaye babaye ana miaka arobaini na mitano atanufaika vipi?

Nina haki ya kuliuliza. Nilizaliwa mwaka wa 1980, mwaka ambao sheria ya kuharamisha chang'aa ilipitishwa, nikalelewa na mwalimu wa shule ya msingi aliyeinywa chang'aa iyo hiyo kuanzia Ijumaa ya mwisho wa mwezi hadi mshahara ulipokwisha. Siku nyingine alikuwa mtu mpole, mwenye mwandiko wa kupendeza, aliyenifundisha ngeli za nomino kwa vyombo vya jikoni. Sisemi haya kumdhalilisha marehemu. Nayasema kwa kuwa wasomaji wengi wa safu hii ni walimu na wanafunzi, na najua siko peke yangu.

Wanafunzi wangu hupenda kuniuliza nilivutiwa lini na fonetiki. Jibu la kweli ni kwamba nilianza nikiwa na miaka saba, usiku, chini ya blanketi. Baba alirudi akiimba. Konsonanti zake zikiwa bado imara, tulilala. S zikianza kulegea na kuwa sh, mama alituamsha tukalale kwa jirani.

Tulikuwa na tafsida zetu pia. Baba hakulewa kamwe, "alichoka". Akikosa kwenda kazini, alikuwa na "malaria". Kiswahili hakina uhaba wa maneno kuhusu jambo hili: mtu hulewa chakari, hulewa chopi, huwa tilalila, hupiga mtungi. Lakini yote humtaja mnywaji. Yule anayemsubiri nyuma ya mlango hana jina ila "mtoto wa mlevi", na hilo ni tusi la uwanjani shuleni. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, walisema wahenga. Katika mtungi wetu kata zilikuwa nne, na hakuna iliyothubutu kufungua kinywa.

Nilipokuwa mtu mzima nilidhani yamekwisha. Sinywi, nina kazi, nina shahada ya uzamifu. Mke wangu ndiye aliyenionyesha kwamba kila anapochelewa mimi husimama gizani nikisikiliza hatua zake, na kwamba sauti ya juu hunishtua hata ikiwa ya furaha. Nikiwa na miaka 38 nilikwenda kwa mshauri nasaha. Aliniomba nimsimulie usiku mmoja tu, bila tafsida. Ilinichukua majuma matatu kutamka sentensi ya maneno matatu: baba alikuwa mlevi. Hasira ilitangulia, majonzi yakafuata, na baadaye sana nikaanza kuamini kwamba kumzuia baba kunywa haikuwa kazi yangu.

Taifa nalo lina hesabu zake. Novemba 2000, pombe yenye methanoli iliwaua zaidi ya watu 100 jijini Nairobi. Mwaka wa 2010 chang'aa ikahalalishwa kwa masharti. Mwaka wa 2015 Rais Uhuru Kenyatta akaamuru msako dhidi ya pombe haramu, na Februari 2024 wengine wakafa Kirinyaga. Kila mara twahesabu maiti, vipofu na lita zilizomwagwa mtaroni. Waliobaki nyumbani sijaona tukiwahesabu.

Kwingineko walihesabiwa. Mwanasaikolojia Emmy Werner aliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka wa 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Mwaka wa 1986 alichapisha makala juu ya 49 kati yao waliozaliwa na walevi: zaidi ya nusu walifika miaka 18 bila matatizo makubwa. Utafiti huo kwa jumla ulionyesha kuwa waliostahimili taabu za nyumbani aghalabu walikuwa na mtu mzima mwingine wa kumtegemea: nyanya, jirani, mwalimu.

Mwalimu! Wangu wa darasa la sita aliniachia ufunguo wa kabati la vitabu kila mwisho wa mwezi, nisome hadi magharibi. Hakuuliza neno. Namshukuru hadi leo, lakini laiti angeuliza! Si mbele ya darasa, wala si kwa kumwita mzazi afokewe, kwani adhabu ya ufidhuli huo ingemwangukia mtoto usiku uo huo. Faraghani, kwa maneno ya kawaida: kwenu kukoje? Na mtoto akijibu kwamba baba ana malaria mara ya tatu muhula huo, mwalimu asiridhike upesi.

Desemba iliyopita nilikuwa kijijini, mama akichambua maharagwe kibarazani. Alikumbuka siku baba alipoiacha baiskeli mtoni. "Alikuwa amechoka sana siku hiyo," alisema.

"Alikuwa amelewa, Mama."

Alinyamaza. Akalitupa jiwe dogo uani, akatazama njia ya mtoni.

"Ndiyo," alisema. "Alikuwa amelewa."

Kisha akaniuliza kama bado naikumbuka rangi ya baiskeli ile.